Hodi Tatu kwenye Laini Moja ya Simu

"Kamba moja haifungi mbuzi watatu." Hivyo ndivyo alivyosema Fundi Thoya mbele ya watu wote kwenye benchi la muuza kahawa, hapa Malindi, wiki ile niliyoanza kazi. Mwingine akadakia kwamba mtoto wa mgema wa Kaloleni kazi yake ni kupanda minazi, si kupandisha nyaya. Mjomba wangu mwenyewe alisema stashahada niliyokuja nayo kutoka India ni karatasi nzuri ya kufungia bajia. Nimestaafu mwezi uliopita, na jambo la kwanza ninalotaka mlijue, ninyi vijana mliobaki kazini, ni kwamba wote hao walikosea. Nalisema mapema kwa sababu najua mnavyopenda kuacha kusoma katikati.

Vyeo vyangu sitavitaja, wala mishahara. Vyeo vilichelewa na mishahara haikutosha, hapo hamna hadithi. Nitawaeleza kazi ya kwanza, kwa sababu kila nilichowafundisha ninyi nilikipata mle, hata yale niliyojifanya nimeyatoa chuoni.

Siku hizi mnachomeka kisanduku chenye antena mbili, na ofisi nzima inapata intaneti, pamoja na wapita njia. Miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni, neno intaneti nilikuwa sijawahi kulisikia, na mimi ndiye niliyekuwa msomi. Ofisi ya Mzee Athman ilikuwa na laini moja ya simu. Ya pili ilikuwa imeombwa zamani, na fomu ya maombi ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

Mzee Athman alikuwa mtu wa asili ya Lamu, mpole, mwenye kofia nyeupe isiyojua doa. Kazi yake ilikuwa kupokea watalii. Kampuni moja ya Mombasa iliwaleta kwa ndege, naye akawapangia vyumba na magari. Kila siku baada ya alasiri orodha ya majina, vyumba na magari ilipaswa kutumwa Mombasa kwa simu, kompyuta ikisema na kompyuta. Kifaa cha kuzisemesha kiliitwa modemu. Ni kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa miluzi, na mwenzake wa upande wa pili akaigeuza miluzi kuwa maandishi. Modemu tulikuwa nayo moja. Kompyuta zilikuwa tatu: ya vyumba, ya magari, na ya Mzee mwenyewe, ambayo hakuiwasha bila kusema Bismillahi, wala hakuizima bila kuishukuru.

Siku ya kwanza niliwakuta wakibebeana ile modemu kutoka meza hadi meza, waya ukiburura sakafuni, kama majirani wanaoazimana kaa la moto.

"Shikamoo Mzee," nikasema. "Kwa nini mnaibeba?"

"Marahaba. Kwani utaiitaje ije yenyewe?"

Nikamwambia nitaziunganisha mashine zote tatu na modemu ile, kila mmoja atume akiwa ameketi kitini mwake. Nilimwambia kwa sauti, ili na makarani wasikie. Wengine hujifunza unyenyekevu chuoni. Mimi nilijilipia masomo kwa kutengeneza redio mchana na kusoma jioni, nikala dengu miaka mitatu, na somo la unyenyekevu halikuwa kwenye ratiba.

Mzee akafurahi, ila fedha zake zote alikuwa amezimaliza kwa kununua kompyuta. Kwa hiyo nikaazima. Waya niliupata kwa fundi umeme mmoja wa Dabaso aliyefanya kazi kwenye hoteli ya Watamu, robota zima, kwa sharti kwamba nitakaporudisha urefu uwe uleule. Ngazi ndefu nilipewa msikitini, ile ya kupandia kwenye vipaza sauti, kwa sharti kwamba kila Ijumaa iwe imerudi. Keekee ya kutobolea mbao aliniazima Shee, seremala wa Mambrui, mume wa Bi Zuhura. Huyu Bi Zuhura ndiye aliyekuwa karani mkuu wetu, mwenye kompyuta ya vyumba. Na mita ya kupimia umeme ilikuwa ya Fundi Thoya.

Ndiyo, yuleyule wa mbuzi watatu. Alikuwa amestaafu baada ya maisha mazima ya kupanda nguzo za simu, na katika mji ule mita nzuri ilikuwa yake tu. Nilikwenda kwake nimekunja uso.

"Umekuja kuazima kwa mtu aliyekucheka?"

"Nimekuja kuazima mita. Kicheko kaa nacho."

Akaniangalia, kisha akanitolea kitu kizito chenye kasha la ngozi. "Usiiangushe. Ina umri kukuzidi, na imeona mengi kukuzidi."

Nilitengeneza kisanduku cha mbao chenye kitufe cha kuzungusha: moja, mbili, tatu. Ukigeuza kwenye moja, modemu ni ya vyumba. Kwenye mbili ni ya magari. Kwenye tatu ni ya Mzee. Nikakiweka juu ya stuli katikati ya ofisi. Siku ya kwanza orodha zote zilifika Mombasa, na bila mtu kuinuka isipokuwa kugeuza kitufe. Mzee Athman alinishika mkono akanipeleka kwenye benchi la kahawa, akaniagizia vikombe viwili kwa mfululizo, akawaambia waliokuwapo, "Huyu kijana ana mkono wa baraka." Fundi Thoya alikuwapo. Alikunywa kahawa yake.

Mnaijua methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeisikia maisha yangu yote, kwa kuwa baba yangu alikuwa mgema hasa, na watu hawakosi kuchomekea. Baba hakutia maji hata siku moja. Mimi nilitia wiki ileile.

Ukuta kwa ukuta na ofisi yetu palikuwa na duka la vitambaa la Bwana Omari, aliyemwoa dada yake Mzee Athman. Alikuwa ameomba simu miaka mingi, hajapata. Siku hiyo ya sifa akaniita dukani.

"Kijana wa baraka, hebu. Waya wenu si unapita ukutani kwangu?"

"Unapita, ami."

"Basi si waweza kunitolea tawi dogo? Nimpigie binti yangu Mombasa mara mojamoja. Nitamalizana na shemeji."

Kilichonipasa ni kumuuliza Mzee. Kilichonipasa zaidi ni kukataa, maana ilikuwa kinyume cha sheria za simu na cha akili pia. Lakini mtu akishaitwa wa baraka, kusema hapana humwia vigumu. Nilitoboa ukuta kwa keekee ya Shee, nikaunga waya, nikamwekea simu kuukuu isiyolia kengele. Dakika kumi. Nikaamini kwamba yeye na shemeji yake wamekwisha kusemezana. Omari naye, kama nilivyokuja kujua, aliamini kwamba nimekwisha kumwambia mimi.

Siku chache baadaye orodha zilianza kufika Mombasa zimevunjika. Jina linaanza vizuri, katikati linageuka alama za ajabu, kisha hakuna kitu. Tukituma upya, mara nyingine inapita, mara nyingine haipiti. Jumamosi moja familia ya Waitaliano, mke na mume na watoto watatu, walishuka garini Malindi hawana chumba, maana majina yao yalipotelea njiani, na Mombasa, kwa kutoyaona, wakawapa wengine chumba chao. Hoteli zote zilikuwa zimejaa. Bi Zuhura akawachukua kwake Mambrui, wakalala kwenye vitanda vya kamba, wakala mahamri na mbaazi, na kesho yake chumba kilipopatikana wakakataa kuhama. Sisi tulicheka. Mombasa hawakucheka. Ilikuja barua: wiki mbili, orodha zifike kamili kila siku, la sivyo wataleta watu wao wafungue ofisi yao Malindi, na mkataba wa Mzee Athman utakuwa umekwisha.

Tulikuwa watu saba mle ndani. Bi Zuhura alikuwa na watoto wawili shuleni, na kazi ya seremala mnaijua, mwezi mmoja milango kumi, mwezi unaofuata kigoda. Mzee aliisoma ile barua mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa kanzu. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nikaanza kutafuta kosa, na hapa sikilizeni, maana nimewaona ninyi mkifanya vilevile. Nilitafuta kila mahali isipokuwa nilipotia mkono wangu mimi. Nilisema ni hewa ya chumvi, nikasugua ncha zote za nyaya kwa msasa. Nilisema ni nguzo za barabarani. Nilisema ni modemu ya Mombasa. Hayo yalipokwisha, nikamgeukia Bi Zuhura.

"Bi Zuhura, nadhani kuna mtu anageuza kitufe wakati mwingine anatuma."

"Sema nani."

"Mimi sisemi mtu."

"Umenitazama mimi ukasema mtu. Mwanangu, nilianza kazi hii wewe ukiwa bado unatambaa juu ya minazi. Kama kitufe kinageuzwa, ni kwa sababu umetuwekea chumba kisicho na mlango. Mtu atajuaje kama mle ndani mna mtu?"

Alikuwa sahihi nusu. Kweli kitufe kiligeuzwa mara mbili tatu, kila mmoja akidhani mwenzake amemaliza. Lakini orodha zilivunjika hata siku ambazo hakuna aliyekigusa, na karibu kila mara ilikuwa saa ileile, baada ya sala ya alasiri. Nikaandika hilo daftarini. Nikaliandika, nikalitazama, nisielewe. Stashahada na yote.

Siku ya tano Fundi Thoya aliingia mwenyewe, hakuitwa. Alisema amekuja kuitazama mita yake kama ni nzima. Aliichukua, akapima laini mezani kwetu, akapima tena, akasonya.

"Una simu ngapi kwenye laini hii?"

"Moja, mzee. Ya Mzee Athman."

"Mita yangu haisemi uongo. Anasema uongo nani?"

Nilitazama ukuta wa Bwana Omari. Fundi Thoya akatazama nilipotazama, akauendea, akaona tundu jipya, na vumbi la chokaa nililosahau kulifagia.

"Baba yako ni yule mgema wa Kaloleni?" akauliza.

"Ndiye."

"Nimekunywa tembo lake. Halikuwa na maji."

"Hakutia kamwe."

"Basi umeanzisha wewe." Akacheka mpaka akashika meza. Bi Zuhura hakucheka. Nilimgeukia nikamwomba radhi, na mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo nilipomtazama.

Tulikwenda dukani, mimi na Thoya. Mzee Athman hakuweza kwenda. Kumnyang'anya shemeji kitu si jambo la mtu mwenye haya, na yeye haya alikuwa nazo za kugawa. Bwana Omari alikuwa ndiyo kwanza anafungua duka. Kila mchana alifunga, akala, akalala kidogo, akasali alasiri, akarudi. Nilimuuliza simu huitumia saa ngapi.

"Aa, kumpigia binti ni Ijumaa tu. Lakini kila siku nikifungua duka naiinua kidogo nione kama ingali hai. Nimeingoja miaka mingi, nachelea isije ikafa."

"Na ukiinua unasikia nini, ami?"

"Kuna mtu anapiga miluzi. Namsalimu."

"Unamsalimu?"

"Nimwache tu? Nasema asalaam alekum, nangoja. Haitikii. Namwambia, bwana, nani mwenzangu? Kimya, miluzi tu. Nami siwezi kuweka simu chini bila kuagana na mtu, basi nangoja ngoja, naaga, naweka."

Fundi Thoya aligeukia vitambaa, mabega yakimtikisika.

"Ami," nikasema, "yule si mtu. Ni mashine yetu inatuma majina Mombasa. Ukiisemesha, maneno yako yanaingia kwenye orodha na kuivuruga."

Akaitazama ile simu. "Siku zote hizo nasalimu mashine?"

"Ndiyo, ami."

"Na haikuniitikia hata mara moja." Akatikisa kichwa. "Haina malezi."

Nilipomweleza habari ya barua na wale watu saba, aliinuka, akaing'oa simu mwenyewe, akanipa mikononi, waya na yote. Aliipangusa vumbi kwanza kwa kitambaa kipya cha dukani. Nimeona watu wakirudisha vitu vya thamani kubwa kwa roho ndogo. Yeye alirudisha kitu alichokingoja miaka kwa roho nyeupe, nami hata leo nikipita pale dukani, ambapo sasa panauzwa simu za mkononi, namkumbuka.

Kosa la Omari lilikwisha hivyo. Lakini kitufe kilibaki, na siku tisa zilibaki. Nilikaa kitini nikichora michoro ya kisomi. Bi Zuhura alikuwa bado amenuna kidogo, lakini hakuweza kuvumilia kuona kazi inafanywa vibaya.

"Unachora nini?"

"Natafuta namna mashine zisiingiliane."

"Kwetu mtu anataka kuingia nyumba ya watu hufanyaje?"

"Hubisha hodi."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

"Asipoitikiwa?"

"Hurudi zake."

"Basi. Chuoni kwenu hawakuwafunza hilo?"

Hawakutufunza. Miaka mingi baadaye, nilipoletewa vitabu vya mitandao ya kompyuta, nilikuta wataalamu wa ng'ambo wameandika kurasa nyingi sana kueleza kwamba mashine isikilize kwanza, ikikuta njia ina mtu ingoje, halafu ijaribu tena. Nilicheka peke yangu. Nilipenda kuwaambia wanafunzi kwamba niligundua jambo hilo Malindi. Leo naandika ukweli: mimi nililehemu nyaya. Aliyegundua ni Bi Zuhura.

Fundi Thoya alinipa relei kutoka kwenye debe lake la vyuma vikuukuu. Relei ni swichi ndogo inayovutwa na umeme badala ya mkono. Kila meza niliipa kitufe cha kubonyeza, kengele ndogo na balbu ya taa ya baiskeli. Ukitaka laini, unabonyeza: hodi. Kama ni tupu, relei inakuvutia wewe na kuwakata wengine wote, na balbu zinawaka meza zote ili kila mtu ajue mna mtu ndani. Kama mna mtu, kengele ya meza ya huyo aliye ndani inalia, taratibu, na laini haiguswi. Hodi tatu, ukiacha muda wa kunywa kikombe cha kahawa kati ya moja na nyingine. Usipopata, unarudi kwenye kazi yako. Na aliye ndani akimaliza, lazima abonyeze kitufe cha pili, kwaheri, balbu zizimike. Hiki cha kwaheri ndicho kilichokuwa na shida, maana watu wa pwani tunajua kuingia, lakini kuondoka hutuchukua muda. Mzee Athman alikuwa anabonyeza kwaheri, anakumbuka jambo, anabonyeza hodi tena.

Siku ya mwisho ya zile wiki mbili ilikuwa Jumamosi, na ndege mbili. Orodha ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Ya magari iliingia kwanza, balbu zikawaka. Bi Zuhura akabisha hodi, hakuitikiwa, akaendelea kupanga karatasi zake. Akabisha ya pili. Mzee alikuwa amekaa kitini hagusi kitu, kofia mkononi, mara ya kwanza nimwone kichwa wazi. Balbu zikazimika. Bi Zuhura akabisha ya tatu, akaingia, modemu ikaanza miluzi yake. Nje nilimwona Bwana Omari amesimama mlangoni pa duka lake, mikono nyuma, kama mtu anayejizuia asimsalimu mtu.

Simu ililia baada ya nusu saa. Mzee akaipokea, akaanza salamu, akauliza afya, akauliza watoto, akauliza mvua. Bi Zuhura aliuma ukucha. Hatimaye Mzee akasema, "Alhamdulillahi," akaweka simu, akavaa kofia. "Wanasema hata nukta zimefika."

Wiki iliyofuata nilirudisha vitu vya watu. Nilikwenda Dabaso na robota la waya. Nilikuwa nimenunua kipande cha kufidia, na yule fundi aliupima wote kwa mikono, pima kwa pima, akaridhika. Ngazi, iliyokuwa ikirudi msikitini kila Alhamisi, niliirudisha mara ya mwisho, siku moja kabla ya kuhitajiwa. Keekee niliipeleka Mambrui imenolewa, Shee akaijaribu kwenye ubao na kusema sasa inakula kuliko alivyonipa. Bwana Omari hakuwa ameniazima kitu, lakini niliomba ruhusa ya Mzee, safari hii kwa mdomo wangu mwenyewe, na Bwana Omari akapewa saa yake kila Ijumaa kuja kumpigia binti yake kwenye meza yetu. Alibisha hodi mara tatu hata balbu zikiwa zimezimika.

Mwisho nikampelekea Fundi Thoya mita yake, kasha nimelipaka mafuta. Nilimkuta kwenye benchi la kahawa, watu walewale. Akaifungua, akaigeuza, akaifunga.

"Umerudisha vya watu wote?"

"Vyote."

"Bado changu kimoja."

"Relei? Mzee, zile ulinipa."

"Si relei. Neno langu. Nililitoa hapa mbele ya watu, ukaondoka nalo, ukalitumia wiki zote hizi. Usidhani sikuona. Lilikupa nguvu kuliko betri. Lirudishe hapahapa."

Watu wakaanza kucheka. Mimi niliyekuwa na jibu la kila jambo nikasimama, kikombe mkononi, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara: "Kamba moja haifungi mbuzi watatu!"

"Ahsante," akasema Fundi Thoya, na kuifunga mita kwenye kitambaa. "Sasa ni langu tena. Nitamwazima mwingine atakayelihitaji."

Aliponiachia debe lake la vyuma, miaka mingi baadaye, aliniachia na neno lile. Baadhi yenu nimekwisha kuwaazima, mkaninunia. Nipo nyumbani Kaloleni. Mkimaliza nalo, nileteeni.